Wimbo wa Waliosimama Nje ya Kanisa



Wapendwa waamini, nanyi nyote mnaozifuata tafakari hizi kila juma, leo naomba niwazungumzie wimbo usiomo katika kitabu chochote cha nyimbo zetu za kanisani. Ni wimbo wa jazi. Najua kwamba kwa wengi wetu neno hilo huamsha kumbukumbu za bendi zetu za dansi, Morogoro Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz, zilizowachezesha wazazi wetu enzi zile ambapo redio moja ilitosha mtaa mzima. Bendi hizo ziliazima jina lao kutoka kwa muziki uliozaliwa Marekani, miongoni mwa wana na wajukuu wa watu waliokuwa watumwa. Wimbo ninaoutaka leo unatoka huko.

Unaitwa Come Sunday, yaani, kwa lugha yetu, "Ifikapo Dominika". Aliyeutunga ni Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, aliyezaliwa Washington mwaka 1899 na kufariki dunia New York mwaka 1974. Wapigaji wengi wa jazi wameupiga tangu hapo, kila mmoja kwa namna yake. Mimi nimeusikiliza kwa miaka mingi, na kila ninapousikiliza hunirudisha mahali pamoja na kwa mtu mmoja. Nitawaeleza habari zake, lakini kwanza tuutazame wimbo wenyewe.

Tarehe 23 Januari 1943, Ellington aliingia na bendi yake katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, ukumbi ambao kwa desturi ulikuwa wa muziki wa kinanda na okestra za Kizungu. Alikuja na kazi ndefu ya karibu dakika 45, aliyoiita Black, Brown and Beige. Kwa kazi hiyo alikusudia kusimulia kwa muziki, bila hotuba, historia ya watu weusi wa Marekani tangu utumwa hadi siku zake. Sehemu ya kwanza inaanza na wimbo wa kazi, mzito, wenye mapigo kama ya nyundo. Kisha nyundo inanyamaza, na baada ya kazi inakuja sala. Sala hiyo ndiyo Come Sunday. Siku ile haikuwa na maneno. Iliimbwa na saksafoni ya Johnny Hodges, mtu ambaye katika maisha ya kawaida alikuwa mkimya, lakini akishika chombo chake alijua kuivuta sauti kutoka noti moja hadi nyingine kama mtu anayepumua kwa shida huku akiwa na matumaini.

Ellington mwenyewe aliieleza picha aliyokuwa nayo moyoni. Ni Dominika asubuhi katika nchi ya utumwa. Mabwana wameingia kanisani na kengele imelia. Watumwa, ambao mlango ule si wao, wanakusanyika nje, chini ya mti, wakisikiliza nyimbo zinazopenya madirishani, na wananong'onezana Neno la Mungu kidogo kidogo, kila mmoja akimpa mwenzake kile alichokiokota. Hawana kiti, hawana kitabu, na wengi wao hawajui kusoma, maana katika majimbo mengi ya kusini ilikuwa kosa kisheria kumfundisha mtumwa kusoma. Walichokuwa nacho ni masikio, na siku moja katika juma ambayo nyundo ilinyamaza.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba hilo lilikuwa jambo la madhehebu mengine tu. Hata katika Kanisa letu Katoliki nchini humo, waamini weusi kwa muda mrefu walitengewa viti vya nyuma au roshani, na mahali pengi walisubiri wengine wote wamalize kukomunika ndipo nao wakaribie. Mwaka 1838, mapadre Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wanaume, wanawake na watoto, na sehemu ya fedha hizo ikaokoa chuo chao cha Georgetown kilichokuwa kimelemewa na madeni. Watu wale walikuwa wamebatizwa. Walikuwa Wakatoliki kama wale waliowauza. Mwaka 2017 chuo hicho na shirika hilo waliomba msamaha hadharani mbele ya wajukuu wa waliouzwa. Georgetown iko Washington, mji ule ule aliozaliwa Ellington miaka 61 baada ya mauzo hayo. Basi alipotunga sala ya watu waliosimama nje, hakuwa akibuni hadithi ya mbali. Alikuwa akiwasimulia watu wake.

Mimi wimbo huu niliusikia kwa mara ya kwanza nikiwa seminari kuu. Mmoja wa walezi wetu, mmisionari mzee, alikuwa na santuri chache alizozitunza kama vyombo vya altare, na jioni za sikukuu alituruhusu tuketi chumbani mwake na kusikiliza. Aliweka santuri, akatueleza kwa maneno machache ile picha ya watu chini ya mti, akanyamaza. Saksafoni ilipoanza, wenzangu walitikisa vichwa taratibu kwa kufurahia utamu wake. Mimi nilimwona baba yangu.

Baba alikuwa mlinzi katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Alilinda ghala la singa. Zamu yake ilianza Jumamosi jioni na kwisha Dominika saa sita mchana, na kwa sababu hiyo, katika miaka yote ya utoto wangu, sikuwahi kuketi naye kanisani siku ya Dominika. Kanisa la kigango chetu lilikuwa la udongo na bati, yapata hatua mia mbili kutoka lango la ghala. Padre alifika mara moja kwa mwezi kwa pikipiki. Dominika nyingine katekista ndiye aliyeongoza ibada. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni, na siku ya Misa kiligongwa pia wakati wa mageuzo, ili hata mgonjwa aliyelala nyumbani ajue kinachotendeka altareni.

Kengele hiyo baba aliisikia. Aliyeniambia ni mama, na baadaye, siku nilipotumwa nje kumtuliza mdogo wangu, nilijionea mwenyewe. Reli ilipogongwa, baba aliegemeza rungu lake kwenye nguzo ya lango, akavua kofia, akapiga magoti penye changarawe, uso wake ukielekea bati la kanisa. Hakukaa hivyo muda mrefu, kwa kuwa mlinzi haruhusiwi kupiga magoti muda mrefu. Akainuka, akavaa kofia, akashika rungu.

Ibada ilipokwisha, kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niambie, leo wamesoma nini? Padre kasemaje?"

Nami nilimsimulia. Mwanzoni nilimsimulia vipande vipande, jina la nabii na mfano mmoja. Kisha, kwa kuwa aliuliza maswali, nilijifunza kusikiliza kwa makini ili niwe na la kumjibu. Aliuliza kwa nini yule mwana mkubwa alikataa kuingia karamuni. Aliuliza kama mwanamke Msamaria aliukumbuka mtungi wake. Wanaponiuliza nilijifunza wapi kuhubiri, huwataja walimu wangu wa seminari kwa heshima inayowastahili. Lakini kwa hakika mahubiri yangu ya kwanza niliyatoa nikiwa na miaka tisa, mbele ya mtu mmoja aliyeshika kikombe cha uji langoni.

Mwenzake wa zamu alikuwa Mwislamu, mtu mwema sana, ambaye hadi leo namwita baba mdogo. Wawili hao walipatana wenyewe kwa wenyewe: Ijumaa mchana baba alisimama badala yake ili aende msikitini, na Dominika ile moja ya padre, mwenzake aliwahi kufika ili baba aingie Misani. Mapatano yao yalidumu miezi michache tu. Msimamizi alipoyajua aliyakataza, akisema zamu ni zamu. Tangu hapo kila mmoja wao alimsikia Mungu kwa mbali, mmoja kwa adhana na mwingine kwa kipande cha reli.

Ndiyo maana saksafoni ile ilinishika. Niliwatambua wale waliosimama chini ya mti. Nilijua namna mtu anavyolielekeza sikio lake. Sisemi kwamba baba yangu alikuwa mtumwa. Alikuwa mtu huru mwenye mshahara, ingawa mdogo. Lakini Dominika yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na hilo, wapendwa, ni jambo linalofanana.

Sasa turudi kwenye wimbo, maana nao una safari yake. Mwaka 1958 Ellington aliutilia maneno, maneno machache ya sala ya watu wanaomkabidhi Mungu njia yao, akamwomba Mahalia Jackson auimbe. Mama huyo, mzaliwa wa New Orleans, alikuwa mwimbaji wa nyimbo za injili ambaye katika maisha yake yote alikataa kuimba katika vilabu vya pombe. Katika santuri hiyo hiyo aliimba pia Zaburi ya 23. Kisha, tarehe 16 Septemba 1965, Ellington alialikwa kupiga muziki mtakatifu ndani ya kanisa kuu la Waanglikana la Grace Cathedral, San Francisco. Akaubeba na wimbo wake. Sauti iliyotungwa kwa ajili ya watu waliosimama nje ikaingia mlangoni, ikapita katikati ya viti, ikasimama mbele ya altare. Zaidi ya hapo, aliichukua sauti ile ile ya Come Sunday, akaiharakisha, akamwita mcheza ngoma ya viatu, Bunny Briggs, acheze juu yake, kwa kumkumbuka Mfalme Daudi alivyocheza mbele ya Sanduku la Agano. Sala ya huzuni ikageuka kuwa ngoma ya shangwe bila kubadilishwa sauti yake.

Si wote waliopendezwa. Mwaka 1966, wachungaji wa Kibaptisti wa Washington walikataa kuunga mkono onesho lake la muziki mtakatifu, kwa kuwa waliona kwamba mtu wa vilabu hastahili kushika mambo matakatifu. Ellington hakuacha. Alitunga muziki mtakatifu wa pili mwaka 1968, na wa tatu aliupiga katika Westminster Abbey, London, Oktoba 1973, akiwa tayari mgonjwa. Miezi saba baadaye alifariki dunia, na zaidi ya watu 12,000 walifika kumwaga katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, New York.

Hapa, ndugu msomaji, naomba tuwe waangalifu. Hadithi kama hii ni tamu, na utamu wake unaweza kutudanganya. Mtu anaweza kusema: "Kumbe Mungu aliwasikia wale watumwa hata nje. Kumbe mlinzi anaweza kusali langoni. Basi hakuna neno." Ni kweli kwamba Mungu aliwasikia. Yule mtoza ushuru aliyesimama mbali, bila kuthubutu kuinua macho, alirudi nyumbani amehesabiwa haki. Lakini Mungu kuisikia sala ya nje ni wema wa Mungu. Hakumpi mwenye ufunguo ruhusa ya kuendelea kuufunga mlango. Uzuri wa wimbo ule ni sifa ya walioutaabikia. Wale waliokuwa wameketi ndani hawana sehemu yoyote katika sifa hiyo.

Tazameni jinsi Maandiko yanavyosema. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, amri ya kuitakasa siku ya Bwana haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi wake wa kiume na wa kike, inamtaja mgeni, inawataja hata ng'ombe na punda. Na sababu inayotolewa ni kwamba Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Yaani, anayeijua ladha ya kutokuwa na siku yake mwenyewe asimnyime mwingine siku hiyo. Mtakatifu Yohane Paulo II alilikumbusha jambo hili katika barua yake ya kitume Dies Domini ya mwaka 1998, akifundisha kwamba pumziko la Dominika ni jambo la imani na pia la haki kwa wafanyakazi. Hata sheria za serikali zinakubaliana nalo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inampa mfanyakazi mapumziko ya walau saa 24 mfululizo kila juma, na Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka wafanyakazi wa majumbani nao wapewe vivyo hivyo.

Sasa niwaulize, kwa upendo wa kipadre. Ninyi mnapoketi katika Misa ya pili, mmependeza, watoto wenu wamepangwa kwenye benchi kama mishumaa, ni nani amebaki nyumbani? Ni nani anayewasha jiko ili mrudi mkute chakula? Mwaka jana, katika nyumba moja ambako Jumuiya Ndogo Ndogo ilikuwa imekutana, nilimuuliza binti aliyetuletea chai anasali kigango gani. Alinitazama kwanza, akamtazama mama mwenye nyumba, kisha akanijibu kwa sauti ndogo: "Padre, Dominika ndiyo siku ya wageni." Alikuwa amepata kipaimara kwao kijijini. Tangu aje mjini, miezi kumi na minne, alikuwa ameingia Misani mara mbili, Noeli na Pasaka. Nyumba ile ni ya watu wema, waaminifu wa zaka na michango. Hakuna aliyemkataza kusali. Ni kwamba tu hakuna aliyemwachia nafasi.

Mama yule alinisikia, na siku hizi binti huyo huja Misa ya kwanza na kurudi nyumbani kabla wenyeji wake hawajatoka kwenda Misa ya pili. Jambo lilihitaji mazungumzo ya dakika kumi. Vivyo hivyo, walinzi wawili wanaolinda magari yenu hapa parokiani hupeana zamu, mmoja Misa ya kwanza na mwenzake Misa ya pili, nami nawasihi msimwite mlinzi kutoka kwenye benchi lake eti asogeze gari. Gari litasubiri.

Kuna jambo moja la baba sijalisema. Mwaka niliokuwa darasa la tano tulipata padre mpya. Katekista alimweleza habari za yule mlinzi wa ghala. Mwezi uliofuata, Misa ilipokwisha, padre yule hakuvua stola. Alichukua Ekaristi Takatifu, akatembea hatua zile mia mbili juani, katekista akitangulia na mshumaa ambao upepo ulikwisha kuuzima, nasi watoto tukifuata nyuma kimya. Baba alipotuona alidhani kuna mgonjwa ghalani. Alipoelewa, alivua kofia, na safari hii alipiga magoti bila haraka. Padre yule alifanya hivyo kila mwezi kwa miaka mitatu, hadi alipohamishwa. Hakumgombeza msimamizi, wala hakungoja zamu zibadilishwe ndipo atoe huduma. Lakini nilisikia baadaye kwamba alikwenda pia ofisini kwa meneja, zaidi ya mara moja, kuiombea haki hiyo. Alifanya yote mawili: alimpelekea Bwana yule aliyekuwa nje, na aligonga mlango uliomzuia asiingie.

Wapendwa, hayo mawili ndiyo ninayowaomba juma hili. Kwanza, katika mkutano wa jumuiya, tajeni kwa majina wale wa mtaa wenu wasiopata Dominika: wauguzi wa zamu, madereva, wauza mboga, mabinti wa kazi, walinzi. Wahudumu wa Ekaristi wapo, nami nipo. Tuelezeni saa na mahali, tutakuja. Pili, aliye na mtu chini ya mamlaka yake, nyumbani au dukani, aketi naye wakubaliane saa ya kusali, kila mmoja kwa imani yake, na saa hiyo iheshimiwe hata wageni wakija.

Orodha za jumuiya zifike ofisini kabla ya Alhamisi, ili Dominika ijayo tujue pa kuanzia.

Nawatakieni juma lenye baraka. Bwana awe nanyi.